Hakuna Kilichopatikana

Vijana wa kitengo cha TEHAMA, kabla sijarudisha kadi ya mlangoni mliniomba niwaachie mwongozo wa kutengeneza tovuti ya ndani ambayo wafanyakazi wataitumia kwa hiari yao. Nimejaribu. Kila nilipoandika "Kwanza, chambua mahitaji ya mtumiaji," nilisinzia, na mimi ndiye mwandishi. Basi nawaachia haya badala yake. Anayetaka michoro yenye mishale ataipata kwenye seva, katika folda iitwayo "mpya_mwisho_kabisa". Iliyo sahihi ni "mpya_mwisho_kabisa_2".

Nilipoajiriwa hapa Kakamega, kampuni yetu ya maziwa haikuwa na tovuti ya ndani. Ilikuwa na ubao wa matangazo langoni, mpokea simu aliyejua sauti ya kila mtu, na madereva wa malori waliobeba habari pamoja na maziwa, zote zikifika zikiwa zimetikiswa. Mimi nilifika na shahada, tai, na imani kwamba kabla yangu watu hawa walikuwa gizani. Mkurugenzi aliniita ofisini.

"Tengeneza kitu," akasema, "ili wafanyakazi wawe wanajua mambo."

"Mambo gani, mheshimiwa?"

"Yote."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo kamili ya mradi. Nimeona miradi mikubwa kuliko huo ikianza kwa maelezo machache zaidi.

Niliupa mtambo wangu jina: Kituo Unganishi cha Maarifa na Mawasiliano ya Wafanyakazi. Wafanyakazi waliupa lao: ile kitu. "Umeangalia kwa ile kitu?" Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mkurugenzi, salamu za mkurugenzi, historia ya kampuni, na tufe la dunia lililozunguka bila sababu. Niliweka pia ukurasa wa kuwapongeza watu siku zao za kuzaliwa. Sikujua kwamba wazee wetu wengi waliandikishwa kuwa walizaliwa tarehe mosi Januari, kwa kuwa karani wa zamani hakuwa na muda wa kuuliza. Mwaka mpya ulipoingia ukurasa ulijaa majina hadi ukakwama, na kwa siku nzima nusu ya kampuni ilionekana kama mapacha.

Mwalimu wangu katika kazi hii hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa Bi Rukia, mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, mzaliwa wa Mumias, msomi kuliko mimi na mwenye ulimi usiohitaji kunolewa. Aliingia mlangoni kwangu na "Asalaam aleikum", akangoja niitikie, halafu akaanza kunikaanga.

"Profesa," aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, wala haikuwa sifa, "umeshamwona mtu akitumia hiki kitu chako?"

"Takwimu zinaonyesha kwamba..."

"Sikuuliza takwimu. Nimeuliza mtu."

Sikuwa nimemwona. Ndipo akanipa somo ambalo chuo kikuu kilisahau kulifundisha: mfuate mtu alipo, keti nyuma yake, funga mdomo. Kuketi ni rahisi. Kufunga mdomo kulinitoa jasho. Mtu anapotafuta kitufe kilicho mbele ya pua yake, na wewe ndiye uliyekiweka hapo, mikono huwasha.

Wa kwanza niliyeketi nyuma yake alikuwa fundi wa maabara, mama mmoja aliyepima maziwa kwa utulivu wa hakimu. Alifungua tovuti, akampita mkurugenzi, akaipita historia, akalipita tufe, akafunga. Nikamuuliza alikuwa anatafuta nini.

"Kama leo kantini kuna ingokho."

Nilitabasamu kwa adabu, nikarudi ofisini nikiwa nimeudhika. Kesho yake nikamuuliza mtu mwingine, naye akataja kuku huyohuyo. Mwisho nilishindwa na udadisi. Nikampigia mpishi simu, nikaandika chakula cha siku juu kabisa ya ukurasa: obusuma, yaani ugali wetu, mrenda, ingokho. Kabla ya wiki kwisha kila mwenye kompyuta alikuwa akiingia asubuhi. Mimi niliyeandika tasnifu kuhusu hifadhidata zilizotawanyika nikawa najulikana hadi depo za mbali kama yule mtu wa kuku. Lakini waliofuata kuku walianza kusoma na zamu, na likizo, na nani amefiwa. Mlango ni mlango.

Mafanikio hayo yalinipa kiburi, nami nikashauri ubao wa langoni uondolewe. Matangazo yote ya nafasi za kazi na uhamisho yakahamia kwenye tovuti, na ili mtu asihangaike nikaweka kisanduku cha kutafutia. Unaandika neno, unabonyeza, unapata. Usipopata unaandikiwa kwa upole: Hakuna kilichopatikana. Nilitumia mchana mzima kuchagua maneno hayo. Niliona "Hakuna" peke yake lingekuwa na ukali.

Hapo ndipo anapoingia Barasa. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, mwenye kituo hapa makao makuu, na kwao Chekalini, huko Lugari. Mama yake alikuwa amepofuka. Mke wa jirani ndiye aliyempikia, na Barasa alifika nyumbani mwisho wa wiki tu, kama lori halikuharibika. Alitaka jambo moja duniani: ahamishiwe depo ya Chekalini. Kwa kanuni zetu huwezi kuomba uhamisho mpaka nafasi itangazwe. Kwa hiyo kila Ijumaa, akisharudisha lori, alikuja kwenye kompyuta ya kantini kutafuta.

Ijumaa moja niliketi nyuma yake.

"Mulembe, Profesa. Leo ni mtihani?"

"Hapana. Jifanye sipo."

"Mtu mrefu hivi atajifanyaje hayuko?"

Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeminya parachichi sokoni kujua kama limeiva. Akabonyeza. Hakuna kilichopatikana. Akatikisa kichwa kama anayepokea majibu ya daktari yaleyale.

"Hutafutanga kila Ijumaa?" nikamuuliza. Nikiwa na watu wa nyumbani, Kiswahili changu cha chuo huvua viatu.

"Kila Ijumaa. Inanijibunga tu hivyo. Afadhali yenyewe haichoki."

"Na mama?"

"Ananiuliza kama Kakamega imehama. Anasema zamani haikukuwanga mbali hivi."

Niliinuka nikamshika bega. "Hakuna nafasi, ndugu yangu. Siku ikitokea utaiona." Nikaondoka nimeridhika. Kisanduku kilikuwa chepesi, ujumbe ulikuwa wa upole, na mtumiaji hakuhangaika. Nilikuwa nikiandikia bodi ripoti, kwani baada ya wiki mbili ingekaa kuamua kama ile kitu iendelee kuwepo, nami nikaandika kwamba utafutaji unafanya kazi bila dosari.

Ilikuwa Ijumaa iliyofuata, karibu na chakula cha mchana, Bi Rukia aliponisimamisha kwenye ujia.

"Nyinyi watu mna nini? Nafasi ya dereva wa Chekalini naitangaza mara ya pili. Mara ya kwanza hakuna aliyeomba, na sasa hakuna aliyeomba, na inafungwa leo jioni. Watu wa Lugari hawataki kwao?"

"Haiwezekani," nikasema. "Haiko kwenye tovuti."

"Nimeiweka kwa mikono yangu."

Tuliingia ofisini kwangu. Nikaandika, nikabonyeza, nikamgeuzia kioo: hakuna kilichopatikana. Nakiri kwamba nilifurahi. Bi Rukia akavaa miwani, akanisogeza kwa kiwiko, akaandika yeye. Tangazo likatokea: Dereva, Depo ya Chekalini. Nikaandika mimi. Likapotea. Akaandika yeye. Likarudi. Niliishuku seva, nikaushuku waya, nikageuza kibodi na kuipuliza.

"Wewe unaandika nini?" akauliza.

"Chekarini."

"Haya, Chekalini. Andika nione."

Nikaandika.

"Soma ulichoandika."

"Chekarini."

"Herufi moja moja, Profesa."

"C, H, E, K, A, R..."

"Simama hapo hapo."

Nilisimama. Hata hivyo nilichelewa kuona. Nilizaliwa upande wa Isecheno, ukingoni mwa msitu, ambako l na r ni ndugu wa tumbo moja na kila mmoja huvaa nguo za mwenzake. Najua kanuni. Nilifaulu Kiswahili. Haya mnayoyasoma yamepitiwa na binti yangu, ambaye ameokota herufi nyingi. Lakini vidole vyangu havikwenda shule. Viliandika kile ambacho ulimi ulisema.

"Sisi Mumias," alisema Bi Rukia akivua miwani, "ustadhi alitutenganishia l na r kwa kiboko. Kwenye kisomo huwezi kuzichanganya ukapona. Nyinyi ni nani aliyewatenganishia?"

Nilicheka. Kisha nikamkumbuka Barasa na kile kidole chake, na kicheko kikakatika. Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Nililiona lile neno kwenye kioo, likiwa na r yake, nikaliona zima. Macho yangu yalisoma kwa masikio ya nyumbani.

Tulimpigia simu. Hakupokea; alikuwa njiani na maziwa, na Barasa alikuwa dereva wa pekee niliyemjua asiyezungumza na simu akiendesha. Maombi yalijazwa kwenye kompyuta za kampuni tu, na mwombaji mwenyewe. Asingefika kabla ya ofisi kufungwa.

"Ongeza siku chache," nikamwambia Bi Rukia.

"Kwa ajili ya mtu mmoja siwezi. Kanuni inasema naweza kufungua tangazo upya, kwa watu wote, mtambo ukiwa na hitilafu, na mwenye mtambo akiandika hivyo kwa wafanyakazi wote." Akaniangalia. "Sasa niambie wewe. Hii ni hitilafu, au ni mtu asiyejua kuandika?"

Niliiona bodi imeketi pale mezani na ripoti yangu mkononi, lakini si bodi tu iliyonizuia. Swali lenyewe lilinivuta. Mtambo haukukosea. Uliulizwa Chekarini, na Chekarini haipo duniani. Lakini yule mpokea simu wetu wa zamani, ukimwomba Chekarini, alikuunganisha na Chekalini bila kupepesa jicho. Askari wa lango alielewa. Mpishi alielewa. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna kitu ndani ya kampuni hii kilichowahi kumwambia Barasa kwamba hakimwelewi, mpaka nilipoleta kisanduku.

"Ni hitilafu," nikasema.

Nikaketi nikaandika tangazo: kutokana na hitirafu ya kisanduku cha kutafutia, nafasi ya Chekalini imefunguliwa upya. Bi Rukia alilisoma, akainua kalamu, kisha akairudisha mezani.

"Liende hivyo hivyo," akasema. "Ni ushahidi."

Barasa nilimkuta jioni uwanjani akiosha lori. Nilimweleza nikiwa nimesimama ndani ya maji machafu, nikaona panafaa.

"Ilikuwako?" akauliza.

"Ilikuwako."

"Hata mara ya kwanza?"

"Hata mara ya kwanza."

Akazima mpira wa maji. "Na mimi nilimwambia mama kampuni imekataa. Sasa nitamwambia aje, kwamba ni r ilikataa?"

Aliomba Jumatatu asubuhi. Ubaya ni kwamba tangazo lililofunguliwa kwa sababu ya hitilafu husomwa na watu wote, na madereva wengine wawili nao wakaomba, mmoja wao mkongwe kuliko Barasa. Barasa alinipata kantini.

"Profesa, asante. Umeniamshia na wenzangu."

Hapakuwa na njia nyingine ya kulifungua tangazo lile, na njia hiyo huenda ndiyo ingempeleka mwingine Chekalini.

Kwenye kikao cha bodi nilitarajia kuchinjwa. Mjumbe mmoja alisoma tangazo langu kwa sauti, akaniuliza swali moja tu: "Hiyo hitirafu, mmeirekebisha?" Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyesikia. Nikajibu tunairekebisha. Tukaendelea na ajenda ya majokofu.

Kampuni iliyotuuzia mtambo ilishauri tuwape wafanyakazi mafunzo ya tahajia. Niliwashukuru. Kisha nikaingia ndani ya kisanduku na kukifundisha kwamba l na r ni herufi moja. Kazi ilikuwa ndogo kuliko kuandika barua ya kuikataa ile semina. Nilijisifu hadi saa nne asubuhi, simu zilipoanza. Mtu akitafuta mahali pa kula aliletewa uchaguzi wa kamati ya ustawi, kwa kuwa kula na kura sasa zilikuwa kitu kimoja. Ofisi ya ghala iliomba kalamu ikapelekwa kwenye karamu ya mwisho wa mwaka. Kijana wa masoko aliyetaka kanuni za usalama mahali pa kazi alikutana na tangazo la harambee ya mwenzake aliyekuwa akichangisha mahari. Uchaguzi wa kamati ulipata wapiga kura wengi kuliko wakati wowote. Nusu yao, nasadiki, walikuwa wakitafuta kuku.

"Sasa umeifanya tovuti iwe Mluhya," Bi Rukia alisema.

"Kabla ya hapo ilikuwa nani?"

"Mgeni."

Nilirekebisha tena. Kisanduku kikaanza kuleta kwanza neno kama lilivyoandikwa, kisha chini yake lile ambalo mtu huenda alilikusudia. Hakuna anayesahihishwa, hakuna anayeandikiwa kwa rangi nyekundu. Tangu hapo nikawa mdadisi wa kupindukia. Niliketi nyuma ya watu kila depo nikitaka kujua wanaandikaje: deleva, rikizo, uamisho bila h. Na niliongeza kipengele kimoja kwenye somo la Bi Rukia, nacho nawapa bure: unapoketi nyuma ya mtu, mchukue na mwenzako asiyetoka kijijini kwenu. Utakaloshindwa kuliona wewe, yeye litamchoma jicho.

Usaili wa Chekalini ulikuja wakati bado nikihangaika na kura na kula. Sikuwa kwenye jopo. Niliyajua baadaye kutoka kwa Bi Rukia, aliyenieleza kwa sauti ya mtu asiyejali. Waliwauliza wote watatu wangefanya nini barabara ya Lugari ikikatwa na mvua na maziwa yako nyuma. Mkongwe alisema angepiga simu makao makuu na kungoja maagizo. Wa pili alisema angegeuza. Barasa alisema angepita nyuma ya kanisa, akataja boma la nani lenye uwanja wa kugeuzia lori, na nani mwenye trekta, na kwamba mwenye trekta asiamshwe kabla ya kunywa chai. Wakampa.

Jina lake lilipotangazwa kwenye tovuti, hakuliona. Niliambiwa alikuwa ameshapakia godoro.

Miezi kadhaa baadaye nilipelekwa Chekalini kufunga kompyuta mpya ya depo. Lori lilikuwepo, dereva hakuwepo. Walinielekeza kwake, mwendo mfupi tu, nikamkuta uani akimkatia mama yake obusuma na kumwekea mkononi, tonge baada ya tonge, akimwambia upande mboga zilipo. Nilisalimu. Nikiwa mtu wa kazi hata mahali pasipo pa kazi, nikamuuliza mbona haingii tena kwenye tovuti. Kwenye takwimu zangu alikuwa ametoweka kabisa, hata siku za kuku.

"Niingie nitafute nini?" akasema Barasa.

Mama yake aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Nani huyo?"

"Ni Profesa, mama. Mwenye kompyuta."

"Ndiye alikuwanga anakukatalia?"

"Ndiye."

Akatafuna kidogo, akameza.

"Mwambie anawe mikono," akasema.